Uliza Swali, Usitoe Maelezo

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yangu naidai. Nimekuzidi miaka miwili tu, lakini mama yako ananiita mama mdogo, kwa hiyo bibi yako ni mimi. Mama yako hajambo, yuko Ruangwa anapalilia mbaazi.

Unauliza kama kweli mahakama inaweza kuamuru kiongozi achunguzwe. Mwaka jana mtendaji wa kijiji alinifungia ofisini kwa kuwa nilimpinga mkutanoni, kisha akanishtaki kwamba nimemtukana. Ya mle ndani nayaacha.

Mahakamani Nachingwea mtendaji aliapa kwamba nilikaa ofisini kwa hiari yangu. Zamu yangu ya kumhoji ilipofika nikasimama, nikaanza kueleza. Hakimu akanikatiza, "Binti, uliza swali, usitoe maelezo."

Nikamgeukia. "Mtendaji, siku ile mlango ulifungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"

"Mwangu," akajibu kwa majivuno. "Ufunguo wa ofisi haukai kwingine."

Watu wakaguna. Hakimu akasema ushahidi wake hauaminiki, akaniachia huru, akaamuru polisi wamchunguze yeye.

Juzi mtendaji alinifuata sokoni. "Dada, unajua kazi zetu, presha, wakubwa..."

"Uliza swali," nikamwambia, "usitoe maelezo."

Nikaendelea kuchagua dagaa.

Bibi yako, usibishe,
Somoe