Kivuko Kipya na Rivasi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata nafasi shule ya ufundi ya ng'ambo! Mwalimu amekuja kutuambia mwenyewe. Mama kanikumbatia. Baba kauliza nitalala wapi, maana binti yake halali kwa watu, na kwenda na kurudi kila siku kwa pantoni ile ya zamani ni kuzeekea majini.

Nikamweleza, kwa adabu, habari za kivuko kipya cha kasi. Kinabeba magari, kinavuka kwa robo saa.

"Kinamkimbia nani?" akauliza Shangazi.

Baba ameamua: Jumamosi tutakijaribu kwa pikapu yake. Kikimridhisha, atanivusha kila asubuhi na kutafuta wateja huko. La sivyo, tusisumbuane.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita gatini baada ya masomo. Kivuko ni kizuri mno. Lakini kina mlango mmoja tu, wa nyuma. Magari yanaingia kinyumenyume ili yatoke yakitazama mbele.

Baba ni fundi makochi hodari, na dereva tangu sijazaliwa. Ila rivasi haiwezi. Akipita nyumba anayoitafuta, huzunguka mtaa mzima kuirudia. Sisi hujifanya hatujui.

Nilipomwambia Mama, aliacha kukata vitunguu. "Basi shule imeota mbawa," akasema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Baba. Kajibu kwamba mtu mzima haingii mahali kwa makalio. (Maneno yake, si yangu.)

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe ametafakari. Jioni kaniita tufanye mazoezi. Nikapanga ndoo mfano wa mlango wa kivuko. Baba akazikanyaga zote, kisha akaligonga geti la jirani.

"Karibu ndani," jirani akasema, "ila wenzako hupiga hodi."

Baba anasema geti limejengwa vibaya.

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia ndani ya pikapu. Tumekwama mshazari mlangoni mwa kivuko — tairi moja chomboni, matatu nchi kavu. Nyuma tumebeba kochi la mteja, kwa hiyo Baba haoni kitu. Shangazi, aliyejialika, kabanwa katikati yetu anaomba dua.

"Kata kulia, mzee," mpanga magari alielekeza. "Kulia. Mzee, hiyo ni waipa."

"Najua," akasema Baba.

Foleni nzima inapiga honi. Mpanga magari aliomba ashike usukani yeye. Baba akamtazama kama aliyeombwa figo.

Sasa nahodha mwenyewe anateremka. Hacheki.

"Turudi nyumbani, kaka," Shangazi anabembeleza. "Aibu hii inatosha."

Baba alifuta jasho, akanigeukia, akasema polepole kwamba Jumatatu tutoke alfajiri, tuwe wa kwanza, pasiwe na watu wa kumpigia honi.

Jumatatu ndiyo shule inafunguliwa. Na hata hatujavuka!

Nimeitikia kabla hajabadili mawazo. Nahodha anagonga kioo. Baba anakishusha taratibu, anamwamkia, anamuuliza asubuhi huwa wanaanza kuvusha saa ngapi.