Kaka, Mlinzi Wetu Wamemwondoa

Mpendwa kaka Leonidas,

Mama yako amelala kwenye kitanda changu hapa Nyakanazi, mchana huu, na viatu vyake miguuni. Nilitaka kumvua akakataa. Anasema akivua viatu itakuwa kama amekubali kubaki. Naanza na yeye kwa sababu najua ndiye ungeniuliza kwanza. Ni mzima, ila amechoka. Irakoze, mdogo wako, hayuko naye, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia wewe ambaye tulikuzika Ngara na barua haiwezi kukufikia.

Unakumbuka tulivyojuana. Ulisimama mbele ya meza yangu kwenye lile hema la mapokezi, umemshika Irakoze mkono, mama yako nyuma yenu na godoro kichwani. Mlikuwa mmetoka mpakani asubuhi ile. Nikaingiza majina matatu: Nahimana la mama, Nduwayo lako, Irakoze la mdogo wako. Programu ikajibu kwamba mama huyu yuko peke yake, hana mtoto. Nikawasomea kama ilivyo, maana kusoma ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa.

"Basi iulize," ukasema, "mimi nimezaliwa na jenereta?"

Mama yako ndiye aliyecheka wa kwanza, godoro likamyumba kichwani.

Mimi sikuhitaji kuelezwa. Waliotunga ile programu mjini waliamini kwamba watu wa nyumba moja wana jina moja la mwisho. Kwetu Wahangaza, tangu zamani, na kwenu ng'ambo ya mto Ruvubu, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kufuatana na mambo yaliyokuwapo siku alipozaliwa. Baba, mama na watoto sita wanaweza kuwa na majina manane. Programu ikilinganisha, inaona watu wanane waliokutana barabarani, na watoto sita wasio na mzazi, wa kupelekwa hema lao.

Mimi kompyuta nilijifundisha kwenye kibanda cha kutengeneza simu, bila mwalimu wala cheti. Wewe uliacha chuo Bujumbura kabla hujamaliza. Ofisi ikakupa posho ya mkimbizi na kiti kibovu kando yangu. Mtandao wetu haukuweza kubeba programu nzima, kwa hiyo mjini walitutumia maandishi yake tu, nasi tukayapitisha kwenye kompaila pale pale, ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Tukaona huo ndio mwanya wetu. Tukasahihisha ule ulinganishaji kwenye usajili. Yakaja maandishi mapya, tukaukuta kwenye mgawo wa mahema. Tukautoa huko, ukaibukia kwenye orodha za mabasi. Tulipiga simu, tukaandika, tukajibiwa asanteni kwa maoni.

"We sha," ukaniambia, ndivyo mnavyoitana marafiki kwenu, "mbuzi huyu tutamfukuza shambani mpaka lini? Kila mstari wao lazima upite kwenye kompaila. Tuweke mlinzi hapo mlangoni."

Hapo ndipo nilipolisikia neno plagini kwa mara ya kwanza. Ukanichorea kwenye ubao wa boksi la sabuni: kompaila ikisoma maandishi huyapanga kama mti, shina, matawi, vijiti, na inakubali mtu akaiongezee kipande chake kidogo kitembee juu ya mti huo kabla kazi haijaendelea. Kipande chetu kilikuwa na kazi moja. Kikikuta tawi ambalo jina la mtu huyu linapimwa na jina la mtu yule ili kuamua kama ni ndugu, kinaisimamisha kompaila. Ujumbe wake uliuandika wewe, kwa Kiswahili, ili yeyote atakayekaa kwenye ile meza aelewe: *Simama. Mama huyu ana watoto.*

Plagini ya kwanza ilikuwa balaa. Ilikataa kila kitu, hata mahali jina la mtu linapolinganishwa na lile lile lililoandikwa jana. Nikakuambia mlinzi wako anamfukuza na mwenye nyumba. Ya pili ikalegea: wale wa mjini walilihamishia jina kwenye kigeu kingine, yaani kisanduku kingine cha kuhifadhia, kwanza, ndipo wakalinganisha, na yetu ikapita kama haikuona. Ukacheka sana. "Mtu akivaa koti la mwenzake hajageuka mwenzake." Tukaifundisha kumfuata mwenye koti.

Lakini kilichotusumbua zaidi kilikuwa ukimya. Plagini haijiendeshi yenyewe. Usipoitaja kwenye amri ya kujenga programu, kompaila haikukumbushi. Inajenga, inamaliza, unaona kila kitu ni kizuri. Ndipo ukatunga faili dogo lenye kosa la makusudi, Nahimana na Irakoze wakilinganishwa majina, tukaliita Mwizi. Kila asubuhi jenereta likiwashwa, kabla ya chai, tulimpeleka mwizi wetu wenyewe mlangoni. Akikamatwa, tunaanza kazi. Siku aliyopita tulijua mlinzi hayupo. Mama yako alikuwa akipita na ndoo, anauliza dirishani:

"Mmemkamata?"

"Tumemkamata, Mama."

"Mpigeni kidogo tu."

Figo zilipokushinda ulikuwa umebaki na sauti ndogo. Hukuniachia wosia wa maana. Uliuliza tu kama mwizi amekamatwa leo, nami nikakujibu ndiyo, na ilikuwa kweli.

Baadaye mama na Irakoze walihamishiwa kambi ya kusini, huko Kibondo. Kazi ya kujenga programu ikahamia mjini, na mkataba wangu ukaishia hapo. Niliwakabidhi plagini, nikawakabidhi Mwizi, nikawaeleza desturi ya asubuhi. Walinipigia makofi. Kwenye taarifa yao waliandika kwamba ubunifu huo ni wa makao makuu. Jina lako halimo, langu halimo. Nikaja hapa njia panda nikafungua kibanda changu cha simu, nikasema yaishe.

Jana magari ya wanaorudi Burundi kwa hiari yalisimama hapa kujaza mafuta. Nikasikia naitwa mwanangu kwa Kirundi, "Mwana wanje!" Mama yako, kichwa nje ya dirisha. Akashuka, akaenda moja kwa moja basi la pili, akalipanda, akashuka.

"Walisema Irakoze yuko humu," akaniambia. "Hayumo."

Msimamizi wa msafara akaangalia kishikwambi chake. Hakuwa mtu mbaya, alisoma tu. "Huyo Irakoze ameandikwa hana mzazi, amebaki kambini. Mama huyu yuko peke yake kwenye kumbukumbu. Hana mtoto."

Kaka, ni maneno yale yale niliyowasomea mimi. Mama yako aliketi kwenye changarawe za kituo cha mafuta, akawaambia waende. Wakaenda.

Nikampigia kijana anayejenga programu siku hizi.

"Dada, ile plagini tuliitoa mwaka jana."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inachelewesha. Sekunde kumi na moja kila tukijenga."

"Na Mwizi mnampitisha?"

"Mwizi gani?"

Nikamtajia faili lilipo. Nilisubiri simu ikiwa sikioni, malori yanapita, mpaka akarudi na sauti imepungua. "Limepita, dada. Kompaila haijasema kitu."

Akaahidi kuongea na bosi wake. Sikugombana naye, sina nguvu hizo tena. Lakini hesabu nimeshindwa kuacha kuipiga. Wakijenga mara moja kwa siku, mwaka mzima, hazizidi dakika sabini. Wameokoa dakika ambazo hazitoshi kupika maharage, na mtoto wako wewe, maana ulimlea kama mtoto, amelala jana kwenye hema la wasio na wazazi, mama yake akiwa hai.

Asubuhi mama aliniuliza ulikuwa ukifanya nini hasa siku zote zile kwenye ile mashine. Nikamwambia ulikuwa unaiambia kwamba yeye ana watoto.

"Sasa imesahau?"

"Haijasahau, Mama. Imezibwa mdomo."

"Basi wewe unao."

Kesho kibanda nakifunga. Tunapanda basi la Kibondo alfajiri, mimi na yeye, mpaka kambini. Plagini yako nimeshamtumia yule kijana upya, pamoja na Mwizi, na nimeongeza kitu kimoja ambacho tulipaswa kukiongeza zamani: Mwizi akipita, ujenzi wote unasimama. Kama ataiweka au hataiweka, siwezi kumshika mkono. Ila meza ya usajili ya kesho nitaifikia mwenyewe, na atakayekaa pale akianza kunisomea kilichoandikwa, nitamsomea nami ulichoandika wewe. Simama. Mama huyu ana watoto.

Pumzika, kaka. Zamu hii ni yangu.

Mdogo wako wa kiti cha pili