Dumu la Alizeti la Baba

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Rusumo.

Mvua imekatika sasa hivi na malori yameanza kusogea tena kuelekea mpakani. Nimerudi kutoka Nyabusozi muda si mrefu, viatu bado vina matope ya kwetu. Karibu na mlango wangu lipo dumu la lita tano la mafuta ya alizeti. Lilikuwa liende kwa Baba mwezi huu. Kila nikilitazama naona aibu.

Acha niandike kabla sijapata visingizio.

Nyumbani tulikula chukuchuku. Maharage, maji na chumvi, basi. Mafuta yalikuwa ya sikukuu au ya mgeni, na siku hizo Mama alinituma dukani na kichupa, mwenye duka akanipimia kwa kikopo, nami nikarudi taratibu nimekishika kichupa kwa mikono miwili. Shuleni nilikuwa nasema napenda chukuchuku. Uongo mtupu. Niliichukia, na nilijiapiza kwamba siku nikipata kazi, wazazi wangu watakula mboga yenye mafuta yanayoelea juu.

Kazi niliipata hapa mpakani, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Mshahara wa kwanza sikununua kiatu wala simu. Nilinunua dumu la alizeti. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chumbani kwake badala ya jikoni.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Tangu hapo kila mwezi nimepeleka dumu, na kila jioni nimepiga simu: mmekula nini, mmekaanga au mmechemsha? Mama akisema wamechemsha, nanuna. Nilimwambia amimine tu asiogope, haya siyo yale mafuta ya kuganda, wameandika kabisa kwenye dumu kwamba hayana kolesteroli. Nikienda mwenyewe ndiyo usiseme. Nakaanga ndizi, nakaanga viazi, nakaanga mpaka mayai ambayo Baba alitaka ya kuchemsha. Mafuta yanayobaki tunayafunika, kesho tunayarudisha jikoni yakiwa meusi, maana nani kwetu angethubutu kumwaga mafuta?

Baba akanenepa. Shati lake la kanisani likagoma kufunga vifungo. Majirani wakawa wanamwambia amenawiri, binti yake anamtunza, nami nikavimba kichwa.

Jumatano alianguka shambani.

Alikuwa anapalilia mihogo, kizunguzungu kikamshika, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Nilimkuta na Mama hospitalini Biharamulo. Presha ilikuwa juu sana, na vipimo vikaonyesha mafuta yamezidi kwenye damu. Daktari alisema angechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea habari ya kiharusi. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Nilikuwa naogopa hivi: kwamba Baba atakufa kabla sijamaliza kumlipa utoto wangu.

Ijumaa, kabla ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mama wa makamo alituita sote watatu. Aliuliza tunakula nini. Mama akaeleza, kwa fahari kidogo hata. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alizeti ni nafuu kuliko mafuta ya kuganda, hapo hatukukosea. Tulikosea kudhani kwamba ukiambiwa hayana kolesteroli umeruhusiwa kuogelea. Mafuta yoyote yakizidi yanaleta unene, unene unapandisha presha. Na yale tuliyokuwa tunayarudia mpaka yanakuwa meusi, hayo tuachane nayo kabisa. Alisema tupunguze na chumvi, vidonge vya presha asiruke hata siku moja, mafuta tuyapime kwa kijiko, na parachichi tulizonazo shambani tusiwe tunauza zote.

Halafu akauliza mafuta mengi hivyo tunayapata wapi.

Mama aliangalia chini. Baba akajibu haraka kwamba wananunua wenyewe, pale dukani, kwa tamaa tu ya uzee.

Baba yangu, ambaye alinichapa nikiwa darasa la tatu kwa kudanganya kuhusu daftari, alimdanganya muuguzi mbele yangu. Alifanya hivyo ili nisiaibike.

"Ni mimi," nilisema. "Mafuta naleta mimi, na mimi ndiye ninayewalazimisha."

Muuguzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba wanaopelekea wazazi sukari na mafuta kwa upendo anawaona kila wiki.

Leo baada ya kanisa Mama alipika maharage. Niliwekwa kwenye kigoda nisiguse kitu. Alikata kitunguu na nyanya, akapima kijiko kimoja cha alizeti, akanionyesha kijiko kabla ya kukimimina, ananitania. Akapasua parachichi mbili. Nilimtazama Baba akila. Nilikuwa nasubiri akunje uso.

Hakukunja. Alifuta sahani, akaomba aongezewe, akakatazwa.

Kisha aliniambia kwa Kisubi chetu, polepole, maneno haya ambayo nayaandika kwa Kiswahili ili nisiyapoteze: "Mwanangu, chukuchuku mimi sikuwahi kuichukia. Yale mafuta yalikuwa yananikaa kifuani tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nayala kwa sababu ukiniona nakula, ulikuwa unafurahi."

Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha. Nilivisugua mno.

Miaka minne nadhani namlisha Baba, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananilisha mimi. Alimeza kitu kinachomuumiza ili mtoto aliyetembea na kichupa aone ameshinda. Nampenda sana mzee yule. Na nimemkasirikia pia, nakiri. Angesema.

Lakini angesemea wapi? Nimepitia kichwani simu zangu zote za miaka minne. Mmekaanga? Mmeweka ya kutosha? Limebaki kiasi gani? Sikumbuki hata mara moja niliyomuuliza anajisikiaje na nikasubiri jibu.

Dumu hili litabaki hapa. Nitalitumia mwenyewe, kwa kijiko, hata likimaliza mwaka.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua ofisi, nitampigia. Nitasema shikamoo, Baba, umeamkaje? Halafu nitanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu, mpaka aseme yeye.