Niliuliza Habari ya Maji, Nikapewa Blanketi

Mama Adelaïde, mpendwa mshauri wetu sisi tunaosoma gazeti hili huku milimani, naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu hapa kwetu wote wameshacheka na sina tena pa kuficha uso wangu.

Mimi naitwa Evode Hakorimana, mkulima wa maharage, mlima wetu uko juu ya Mushaki, na tangu mwaka jana nimo katika baraza la teritware, ndiyo wilaya, kule Masisi, kwa hiyo nami naitwa mshauri kama wewe, ijapokuwa leo mshauri ndiye anayetafuta ushauri. Kisa chenyewe ni hiki: Leta, ndiyo serikali, ilitupangia kijiji kipya, ikasema nyumba zote zitoke bondeni zipande juu kandokando ya barabara, mstari mmoja ulionyooka, ili mabwana wakipita na motokari watuone na kutuhesabu kwa raha, na maji tutaletewa na bomba, basi tukabomoa, tukajenga, tukanyoosha mstari kama walivyotaka, na bomba halijafika hadi leo. Maji yamebaki bondeni, sisi tuko juu, na katikati kuna mteremko ambao mvua ikinyesha hata mbuzi anaufikiria kwanza. Jirani yetu Verdiane aliteleza pale na mtungi kichwani, akiwa mja mzito, akabebwa kwa kipoyi mabegani mwa wanaume, mwenyewe akapona na mimba ikatoka. Sasa mke wangu Epiphanie naye ni mja mzito, tumbo limeshakuwa kubwa, na kila siku anashuka na kupanda palepale, na nikimwambia apumzike njiani ananijibu, "Papa Evode, nikitua mutungi pale katikati, nani atanitwika? Banamuke benzangu nabo iko na mizigo yabo."

Kwa ajili hiyo nilikwenda barazani na moyo wa moto. Siku ile alikuja bwana mkubwa wa kazi za Leta kutoka Bukavu, mgeni kutoka Ulaya, hajui Kiswahili hata cha kuombea chumvi, wakamweka shemeji yangu Pierre amtafsirie, huyo Pierre ni karani pale Masisi na ni kaka mkubwa wa Epiphanie. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema, "Bwana, mi nauliza Leta: juu ya nini mulihamisha bantu mbele ya kuleta maji? Na ile bomba itafika lini?" Pierre akageuza kwa Kifaransa, maneno machache mno, yule bwana akatabasamu, akasema yake, na Pierre akanigeukia: "Bwana anasema Leta imesikia maombi yako, ukuwe na uvumilivu. Na sababu kwenu kule iko baridi, anakupatia bulangeti." Mama, watu wakapiga makofi, nikawekewa blanketi mikononi mbele ya wote, nikasema aksanti nikakaa.

Tulipotoka nilimshika Pierre mkono, nikamwuliza alisema nini kule ndani. Akanijibu bila haya, "Shemeki, mi nilikusaidia. Mu Kifaransa kuuliza na kuomba iko neno moja tu, *demander*. Mi nilisema ile, bwana akasikia yenye ilimupendeza." Kisha akashusha sauti: "Na ukirudilia tena, batakufukuza mu baraza, na mimi batanifukuza ku biro, na batoto yangu itatoka ku masomo. Acha hivyo."

Tangu hapo jina langu ni Bulangeti. Jumapili watu wakitoka misa wananisalimu, "Evode, kuko baridi?" Mimi niliyetumwa na mlima mzima kwenda kuuliza nimeonekana mtu aliyekwenda kujiombea cha kujifunika. Na Epiphanie amekataa blanketi lile lisiingie chumbani, limekaa juu ya gunia la maharage, anasema, "Ile iko bei ya mutoto ya Verdiane. Sitafunika nayo mutoto yangu."

Maharage yakishavunwa baraza litakaa tena na bwana yuleyule atakuja. Chifu amenipa shauri nisimame nishukuru kwa blanketi, basi, yaishe. Nafsi yangu inakataa. Lakini nikimfichua Pierre nimevunja nyumba ya ndugu wa mke wangu, na nikinyamaza mteremko ni uleule na siku za Epiphanie zinakaribia. Mama, nikae kimya ama nirudilie?

Evode Hakorimana, Mushaki, mwezi wa tano 1958

*Mama Adelaïde anajibu:*

Evode, pole yangu ya kwanza mpelekee Verdiane, kwa sababu katika barua yako yote ndiye aliyelipa. Wewe umepoteza uso tu, na uso hurudi. Ulinikataza kucheka, nami nilicheka blanketi lilipotokea. Nilipofika kwenye maneno ya mkeo kicheko kikaisha.

Sasa nisikilize. Kuomba na kuuliza, mtoto anayejifunza kusema anajua si kitu kimoja. Anayeomba anapewa au ananyimwa, na vyote viwili anasema aksanti. Anayeuliza anajibiwa. Je, Leta iliwaomba mtoke bondeni? Iliwaamuru, mkatii, mkanyoosha na mstari. Basi deni la kujibu liko kwao, na wewe huna sababu ya kunyenyekea kwa jambo ambalo waliahidi wenyewe. Kwangu umeanza na "naomba", sawa, mimi ni mama yako wa gazetini. Neno hilo liache hapahapa, usivuke nalo mpaka Masisi.

Pierre anakudanganya, au anajidanganya. Kifaransa si lugha maskini kiasi hicho. Kila aliyekaa darasani anajua mwalimu alikuwa "anapoza kestion", ndiyo kuuliza swali lijibiwe, hakuwa anaomba kestion, na Pierre alipozewa nyingi kabla hajawa karani. Neno alikuwa nalo. Alijificha nyuma ya lile lingine kwa woga. Woga wake siudharau, ana watoto, kwa hiyo usimwaibishe mbele ya watu. Lakini usimbebe pia. Nenda kwake mapema kabla ya baraza, uende na Epiphanie na tumbo lake, na aseme yeye, si wewe: "Kaka, sema kestion." Kaka aliyekula ugali uliopikwa na dada yake atashindwa kumtazama akakataa. Akikataa hata hivyo, siku ile augue, mwingine atafsiri. Homa Masisi ni nyingi, achague mojawapo.

Blanketi likunje vizuri. Usilitupe wala usilichafue, halina kosa. Ukiitwa kusema, liweke kwanza mezani mbele ya yule bwana, kwa heshima, kimya. Hilo halihitaji wa kulitafsiri. Mwombaji harudishi alichopewa, na kila aliyepiga makofi siku ile ataona kwa macho yake kwamba hukwenda kuomba.

Kisha uliza kwa ufupi. Usiingize habari za baridi, wala taabu zenu, wala uvumilivu. Mwombaji huzungukazunguka, na ukizunguka tu, karani mwoga anapata pa kupitia. Sema: nani alipanga nyumba zitangulie maji? Bomba linafika lini? Nani na lini, Evode. Hayo ni maneno madogo ambayo hata Pierre hawezi kuyageuza yakawa aksanti.

Watakufukuza? Huenda. Sikudanganyi, wamefukuza wengine kwa kidogo kuliko hicho. Utarudi kwenye maharage yako, na mlima utajua ulifukuzwa kwa ajili gani. Lakini mtu aliyetumwa kuuliza akirudi ameshukuru, huyo hata wasipomfukuza kiti chake hakina kazi. Shauri la chifu mwachie chifu.

Sasa nakuja kwenye jambo uliloliandika bila kuliona, na hapa nakasirika kweli. Mja mzito anashuka bondeni kila siku, na wewe mwenye shingo nene uko juu unaandika barua ndefu? Mtungi unakataa kichwa cha mwanamume? Kesho asubuhi mtungi ni wako. Epiphanie asikanyage tena mteremko ule mpaka ajifungue na apate nguvu. Wanaume watacheka, nao si wameshacheka tayari? Watakaokuuliza kama kuko baridi, wape mtungi nao washuke wajionee. Na kama wana haya hata kidogo, wapokezane kuwachotea wajane na waja wazito wote wa mstari huo. Ukishapanda mara kadhaa, shingo yako itakufundisha kusema barazani kuliko mimi.

Lipo jambo moja la mwisho, na ndilo lililoniuma kuliko blanketi. Uliandika, "nikasema aksanti nikakaa." Nani alikuambia ukae? Mkeo hatui mtungi katikati ya mteremko kwa sababu anajua akitua hana wa kumtwika. Wewe ulitua swali la watu palepale katikati, na mlima mzima bado unatafuta wa kuwatwika. Safari hii ukishauliza, simama. Bwana akitabasamu, simama. Wakipiga makofi, simama. Pierre akisema Leta imesikia, mwambie mlitaka ijibu, na ubaki umesimama. Na yule bwana akichoka akauliza kwa nini mtu huyu hakai, basi hapo Pierre amtafsirie vizuri, neno kwa neno: bado ana mtungi kichwani.