Mkono wa Kushoto

Mwadui, Jumatano

Ile transfoma bado inaniudhi. Koili ya nje nimeisuka upya, nimeipima, na nyaya zake hazigusani na za koili ya ndani popote. Lakini tukiipandisha volti mpaka koili mbili zianze kuitikiana, umeme mkali unavuka ule uwazi mdogo na kulifikia kasha la chuma. Nimezisogeza karibu mno, basi. Zimekuwa kama kapasita, zinapitishiana umeme bila kugusana. Kesho nitaifumua, nizitenge zaidi.

Karakanani sote tunaijua sheria. Penye volti nyingi unatumia mkono wa kulia tu, wa kushoto unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Leo nimeligusa kasha huku wa kushoto umeegemea meza ya chuma. Nikajikuta sakafuni. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua sasa ninapoandika.

Masanja, mwenzangu wa zamu, alizima swichi akaja kusimama kando yangu.

"Baba Kulwa, unataka tulie tena? Mkono wako ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilisahau. Akaenda kuchemsha chai.

Sikusahau. Tangu tumzike Kulwa sijautia mkono kwenye mfuko wa ovaroli hii. Mama yake ameniomba mara mbili aifue, nikakataa, wala sikumwambia sababu.

Gololi ya mtoto imo humo. Alinipa nimtunzie mpaka homa ishuke.