Baba Asije Kuwapokea Stesheni

Sodankylä,
11 Desemba 1986

Kwako Kaka Tauno,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai wewe, wifi Marketta na watoto hamjambo. Sisi tunasukuma siku. Jua limeshatuaga, na kulungu wanaofugwa na majirani wanatembea katikati ya barabara kana kwamba waliijenga wao.

Baba amefurahi mno kusikia mnakuja sikukuu. Ameshafunga matairi ya misumari ya kushika barafu, ameweka sepetu na mablanketi kwenye buti, na kila anayemkuta dukani anamwambia kuwa atawafuata mwenyewe stesheni ya Rovaniemi. Jirani Vilho alimtania, "Mzee, kwa mwendo wako utafika Pasaka!" Baba akamjibu kwamba yeye alikuwa akiendesha juu ya barafu wakati Vilho bado anakojoa kitandani. Duka zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Nakuandikia kwa sababu simu iko sebuleni, na Baba haondoki pale.

Mwezi uliopita nilikueleza kwamba niliteleza nikaingia mtaroni. Ulinigombeza sana, kwamba mwalimu mzima hajui kupunguza mwendo kwenye theluji. Kaka, ukweli ni kwamba sikuwa mimi kwenye usukani. Alikuwa Baba.

Ilikuwa mchana, tunatoka kwa daktari wa meno. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji, lakini gari la kusukuma theluji mbele yetu nililiona tangu mbali, taa yake ya njano inazunguka. Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga kelele, "Baba, breki!" Akaniuliza kwa utulivu, "Breki ya nini?"

Nikaudaka usukani. Gari likazunguka mara mbili, likazama mtaroni, theluji ikafika madirishani. Tulipopata pumzi, akaniambia kwamba tangu kiangazi anaona ukungu tu katikati ya macho, na anaendesha kwa kufuata nguzo za kando ya barabara. Akanishika mkono. "Sirkka mwanangu, sema ulikuwa wewe. Wakininyang'anya leseni, mama yako atapelekwa na nani kliniki?" Tukabadilishana viti humo humo ndani, kabla dereva wa lile gari hajatufikia.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikiwa darasani nasikia injini ikipita, chaki inanikatikia mkononi, nasahau hesabu niliyokuwa naandika.

Leo asubuhi nilimwambia Baba nakuandikia kila kitu. Akasema, "Andika." Lakini nilipomwomba funguo za gari, alizitia mfukoni akatoka kwenda kukata kuni.

Tafadhali, Kaka, siku mtakayofika pandeni basi la posta kutoka Rovaniemi. Akipiga simu kusema anakuja, mwambie wazi kwamba watoto wako hawatapanda gari lake. Mimi nikimwambia ananikumbusha kwamba nami nilidanganya.

Wabusu watoto, mpe wifi salamu zangu. Mama naye anawasalimu sana. Hajui lolote, na kila Jumanne, siku yake ya kliniki, anakaa kando ya Baba, anafunga mkanda, wanaondoka.

Ni mimi dada yako,
Sirkka