Uzushi Wangu wa Mizani Nane

Kaka, nimeumbuka mbele ya kwaya nzima.

Ule wimbo wangu wa Jumapili ulipelekwa kwa mchungaji msaidizi, yule mama aliyesomea theolojia miaka saba. Nami nikatanua kifua: "Mama, shairi la Roho halikaguliwi na vyeti."

Akasoma ubeti wa pili: "Baba kageuka Mwana." Akaniuliza polepole, "Mwanangu, Yesu alipobatizwa, ile sauti ya mbinguni ilikuwa ya nani, kama Baba alishageuka?"

Kama Baba alishageuka. Kaka, nilikosa hata pa kuweka mikono.

"Usijali," akasema. "Uzushi huu kanisa liliukataa zamani sana. Wenzako wa enzi hizo walipotea baada ya kusoma vitabu vingi. Wewe umefika bila kusoma hata kimoja."

Waimbaji wa sauti ya nne walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikajitetea kwamba mizani ndiyo iliyonibana: neno moja likiguswa, mstari unavunjika, na Jumapili hatuna wimbo.

Akachukua kalamu, akaandika: "Baba kamtuma Mwana."

Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Mizani nane kamili. Wimbo utaimbwa, kaka, na mstari mzuri kuliko yote si wangu.